Kitovu cha Havlyng

Jumatatu, 4 Machi

Barua imefika kutoka mkoani. Kurasa tatu, muhuri, saini isiyosomeka. Kuanzia vuli boti ya abiria itasimama gati moja tu: ama hapa kwetu Brattøya, ama Ternholm, mashariki, ng'ambo ya mlangobahari. Baraza la madiwani la manispaa yetu, Havlyng, litoe pendekezo tarehe 14. Siku kumi! Mimi ndiye mwenye kibanda cha abiria hapa gatini. Kahawa, katlesi za samaki, benchi mbili.

Ila kibanda si kitu. Kuna Jorunn. Mke wangu ni muuguzi wa manispaa, na kila asubuhi hupanda boti ya saa kumi na mbili na dakika arobaini kwenda kuwahudumia wazee wa visiwani. Nilimsomea barua. Akaendelea kusuuza vikombe. Akasema boti ikikoma atahamia mjini kwa dada yake. Nikitaka nimfuate, nisipotaka basi. Hakukasirika hata kidogo. Hilo ndilo linaloniogopesha. Miaka thelathini na minne ya ndoa, akinifokea najua tumepona. Leo hakufoka.

Adui ninamjua. Arnfinn wa Ternholm. Ana kibanda chake kule, halafu ni diwani! Mimi nilipogombea nilipata kura sita. Ukoo wetu peke yake, pamoja na wakwe, ni watu tisa. Bado nachunguza.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Kwenye kumbukumbu za baraza, mwaka 1974: huduma za manispaa ziwekwe karibu na kitovu chake. Basi kazi ni moja, kuonyesha kwamba kitovu cha Havlyng ni Brattøya.

Njia ni rahisi. Unabandika ramani kwenye kadibodi, unaikata kwa kufuata ukingo, unaisimamisha juu ya ncha ya sindano ya kufumia. Inapotulia bila kuanguka, hapo ndipo kitovu. Nilitumia mkasi mzuri wa Jorunn. Nilikata kwa uangalifu, kila ghuba, kila rasi, saa tatu nzima. Nilipoinua nikakuta visiwa havishikani. Vipande mia na arobaini sakafuni! Nimeishi hapa miaka sitini na moja na jambo hilo halikunijia.

Jorunn akaingia na mabuti, akauliza mkasi wake uko wapi, akatoka. Kisiwa chenye kanisa kilitoka naye, kimenata kwenye soli.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda ofisi za manispaa kumwona Gaute, afisa ramani. Saa tano na nusu, nikamkuta anakula mkate wake wa jibini ya kahawia. Nikamuuliza kitovu kiko wapi. Akasema inategemea. Inategemea nini? Manispaa haiwezi kuwa na katikati mbili, ni kama mtu kuwa na vitovu viwili. Akasema ukihesabu bahari, kiko mbali huko nje kwenye nyangumi. Ukihesabu nchi kavu tu, kiko majini pia, kwenye mlangobahari, ila kimeegemea Ternholm kwa mita mia tatu hivi.

Nikauliza nchi kavu ni ipi. Akajibu kwamba ni yoyote isiyofunikwa maji yakijaa. Nikamshukuru mpaka akaanza kunitilia shaka.

Kwa sababu magharibi mwetu kuna miamba kibao ambayo maji yakijaa huifunika kiganja kimoja tu. Mawe machache juu yake, tayari ni kisiwa. Visiwa vikizidi magharibi, kitovu kitavutwa kwetu. Hesabu nyepesi kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeumba visiwa tisa. Mikono imechubuka, mgongo haukunjuki.

Ukungu ulikuwa mzito tangu alfajiri, jambo zuri kwa kazi ya siri. Nilipakia mawe ya ukuta wa marehemu baba kwenye mashua, nikaenda nikirudi. Kwenye mwamba wa tisa kamba ikafunguka, mashua ikajiendea. Maji yakawa yanajaa. Nikasimama juu ya kisiwa changu mwenyewe, kwanza vifundo vya miguu, halafu magoti. Niliomba dua zote ninazozijua, na ninazijua mbili.

Nani akatokea na mashua yangu ameifunga nyuma ya yake? Arnfinn, na chupa ya kahawa. Akaniuliza nafanya nini juu ya mwamba wake. Nikamjibu kwa heshima kwamba hapa ni magharibi mwa Brattøya na bahari ni ya wote. Hakubisha. Alinyoosha kidole tu. Ukungu ulikuwa umeachia kidogo, nikaona bomba la moshi la nyumba yake.

Mashariki. Vyote tisa nimevijenga mashariki. Kutwa nzima nimekuwa nikimvutia yeye kitovu!

Akanimiminia kahawa, akanifikisha nyumbani, hakuuliza neno jingine. Mtu asiyeuliza ana lake jambo.

Jumatatu, 11 Machi

Gaute amepiga simu. Amesema marundo ya mawe hayasogezi kitovu hata unene wa unywele, kwamba bata bahari wanataka kutaga pale hivyo niyaondoe, na kwamba azimio la 1974 lilifutwa mwaka 1988. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Alhamisi. Akasema sikumuuliza kuhusu azimio, nilimuuliza kuhusu nchi kavu. Watu wa ofisini!

Basi ramani ndiyo imekufa. Nimekaa na kufikiri upya. Dawa ni kumzuia Arnfinn asipige kura. Desturi ya baraza ni kwamba diwani mwenye maslahi kwenye jambo huinuka na kutoka ukumbini. Nimemwandikia Meya Ragnfrid barua nzito: kila diwani mwenye kibanda gatini, au mwenye undugu na mwenye kibanda, hata undugu wa babu wa babu, atoke nje. Nimetia undugu ili barua isionekane ya chuki kwa mtu mmoja.

Jorunn aliniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia ni mambo ya utawala.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika nikiwa kibandani.

Ukumbi ulijaa. Madiwani kumi na mmoja. Meya Ragnfrid akasoma barua yangu kwa sauti. Akasema sheria haifiki kwa babu wa babu, lakini kila mmoja aangalie dhamira yake. Arnfinn akainuka, akatoka. Nilikaribia kupiga makofi. Halafu akainuka Borghild, binamu yangu. Akafuata Nils-Egil, shemeji yangu. Akafuata mzee Kåre, ambaye bibi yake na bibi yangu walizaliwa nyumba moja.

Sikuelewa wanakwenda wapi. Ikanichukua muda. Mwenye kibanda! Mimi nami ni mwenye kibanda. Nilikuwa nimejisahau. Borghild alinikanyaga mguu akipita, na nadhani ni makusudi.

Wakabaki saba. Ternholm kura nne. Brattøya tatu.

Nje kwenye ujia Arnfinn alikuwa anavaa kofia. Nikajiandaa kuchekwa.

"Kura yangu ilikuwa yako, Oddmund," akasema. "Mama yangu ana miaka tisini na mmoja, na kidonda chake cha mguu anakifunga Jorunn. Jorunn akihama, nani atakuja?"

Nikamuuliza sasa kwa nini alitoka.

"Si wewe ndiye uliyeandika nitoke?"

Nyumbani nikamweleza Jorunn yote. Akakaa chini na koti lake, akahesabu kwa vidole: watatu waliotupigia kura, wanne waliotoka.

"Saba kwa nne," akasema. "Tulikuwa tumeshashinda, bwana wewe, kabla hujashika kalamu."

Akashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Nikaenda kibandani nikalia. Sioni aibu kuliandika.

Jumapili, 17 Machi

Sanduku limerudi juu ya kabati!

Arnfinn alikuja mwenyewe, na chewa wawili wabichi mkononi. Amesema kuanzia vuli atamfuata Jorunn hapa gatini kila asubuhi kwa mashua yake, amfikishe Ternholm kabla ya boti, na jioni amrudishe. Kiangazi na baridi. Mama yake akiwepo, na hata asipokuwepo. Jorunn alitokwa na machozi, akabandika kahawa. Nami nilimshika Arnfinn mkono, nikamshukuru kwa moyo wote.

Alipoondoka Jorunn aliniambia anabaki. "Ila hii ni ya mwisho, Oddmund. Hii nayo ikiharibika, usinifuate hata gatini." Nimeapa. Nina furaha ambayo sijaipata tangu Krismasi.

Jumatatu, 18 Machi

Nimefikiri. Mwanamume gani anachoma mafuta asubuhi na jioni kwa ajili ya mke wa mtu? Robo saa kwenda, robo saa kurudi, na chupa ya kahawa katikati yao. Na chewa wale walikuwa wakubwa mno. Hakuna mtu anayetoa chewa wakubwa vile bure. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Leo nimesoma kanuni za usafiri wa majini, zote. Abebaye abiria kwa ratiba lazima awe na kibali. Arnfinn hana. Nimemwandikia Meya Ragnfrid, bila kumtaja mtu jina, nimesema tu mkazi wa Ternholm mwenye kofia ya kijani. Wakimzuia, manispaa haitakuwa na njia ila kumtafutia Jorunn boti yake, na itaondokea hapahapa Brattøya.

Barua nimeitia kwenye sanduku la posta kabla Jorunn hajarudi kutoka kazini. Nimeipitia mara mbili, nimeangalia kila upande, na safari hii sioni kinachoweza kuharibika.