Gego la Kulia

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Siku mbaya. Daktari wetu wa meno ametangaza kwamba kadi zote za wagonjwa ziwe zimeingizwa kwenye kompyuta kufikia Ijumaa. Kadi nilizozitunza mimi, miaka thelathini na mmoja, bila hata moja kupotea. Baada ya hapo kumbukumbu zitahitaji mtu mmoja tu: mimi au binti wa mapokezi. Mwingine atahamia chumba cha kuchemshia vifaa. Binti huyo tunamwita Vidole Kumi, kwa jinsi anavyochapa. Mimi nachapa kwa kimoja, lakini kwa uhakika.

Mafunzo ni saa nane. Nimesema nina kazi. Nikajifungia na makabati yangu, nikapanga droo iliyokwisha kupangwa.

Jumanne, tarehe 5
Rahisi mno. Skrini ina picha ya kinywa. Kadi ikisema gego la kulia, unagusa gego lililo kulia, linakuwa jekundu. Vidole Kumi alinifuata akaanza, Mzee, kuhusu hiyo picha, ujue kwamba. Nikamkatiza. Nilimwambia nimeyajua meno tangu mama yake akiwa na ya utoto. Akasema haya Mzee, yaishe, akaenda zake.

Nina A hadi M, yeye N hadi Z. Namsikia ng'ambo ya ukuta, kama mvua kwenye bati.

Jumatano, tarehe 6
Mimi kadi thelathini na nane. Yeye sitini. Alipokwenda kula nilichungulia kazi yake.

Ajabu. Kila jino la kulia kaliweka kushoto, na la kushoto kulia. Nilimhurumia, kwa muda mfupi. Nimeyarudisha yote mahali pake kimyakimya, hata ya kadi yangu, maana jina langu limeangukia kwake. Ijumaa Daktari ataambiwa, mbele ya binti mwenyewe, ni nani aliyeiokoa kliniki.

Alhamisi, tarehe 7
Gego langu la chini kulia, lililozibwa mwaka juzi, linapwita. Sithubutu kusema. Saa moja kwenye kile kiti, na Vidole Kumi ananiacha mbali. Mke wangu ameuliza, baba watoto, unashinda kwenye nyumba ya meno halafu unarudi umeshika shavu? Nimesema ni uchovu. Kasema uchovu gani huo wa upande mmoja.

Nimesahihisha pia alizoingiza binti leo.

Ijumaa, tarehe 8
Kufika asubuhi nilishindwa kuitikia salamu. Daktari akanikalisha kitini. Akatazama skrini, akauliza kama ni lile lile la zamani. Nikaitikia kwa kichwa, macho nimeyafumba. Sindano ikaingia kushoto. Nilidhani ndiyo teknolojia yenyewe.

Kabla ya kushika koleo akaligonga jino. Zima kabisa. Akauliza linauma wapi. Ulimi umekufa ganzi, nikaonyesha kulia. Akarudi kwenye skrini, akauliza ni nani aliyeingiza kadi hii. Nikamwonyesha Vidole Kumi kwa kidole, bila kusita.

Sikujua kwamba kompyuta huandika kila kitu. Jumatano, saa saba na dakika ishirini mchana, jina langu. Na chini yake jina langu, na jina langu tena.

Vidole Kumi akasema polepole, Mzee, huyo kwenye picha anakutazama usoni. Kulia kwake ni kushoto kwako. Hata kinyozi anajua. Daktari hakucheka. Alisema, ukiacha langu, hakuna jino litakalong'olewa humu mpaka kila mdomo urudi ulivyokuwa. Kisha akanidunga upande wa pili. Nilirudi nyumbani sina uso.

Jumatatu, tarehe 11
Kumbukumbu kapewa Vidole Kumi. Makosa yote yamekwisha kurekebishwa, kwa sababu kadi zangu zilikuwepo za kulinganishia. Hilo hakuna aliyelitaja.

Mimi niko chumba cha kuchemshia vifaa. Si pabaya. Leo wameleta humu sanduku la mashine mpya ya kupigia picha za meno. Mafunzo ni saa nane. Nimesema nina kazi.

Nimelikagua. Vidole Kumi kalibandika mshale mwekundu unaoelekea juu, eti ndani mashine imefungwa kinyume, ilhali maandishi ya kiwandani yamesimama kichwa chini. Mtu kakosea, na namjua. Nitaligeuza wakienda kula.