Kwezi na Zabibu Inayowahi

Jumatatu, 28 Agosti

"Zabibu inayowahi kuiva ni chakula cha ndege, si divai." Ndivyo alivyoandika jirani yangu Gereon Pützfeld katika jarida la chama cha wakulima. Upuuzi! Zabibu yangu, aina ya Frühburgunder, huiva wiki mbili kabla ya zabibu zake. Punje ndogo, ngozi nene, kichala hakijazi kiganja. Lakini utamu wake! Katika bonde zima la mto Ahr tumebaki wachache tunaoipanda. Walburga, mke wangu, ameshatoa amri: nisipojaza pipa moja mwaka huu, mizabibu inang'olewa. Pipa moja tu. Rahisi.

Jumatano, 30 Agosti

Kwezi wamefika, ndege walafi wa zabibu. Gereon aliniita kutoka ng'ambo ya ukuta: "Ottokar, njoo uchukue nyavu zangu za kufunikia mizabibu, zimelala tu ghalani!" Nyavu za mtu aliyeandika vile? Nikamwambia afunike ulimi wake kwanza. Akajibu kwamba ulimi wake haujawahi kuliwa na ndege.

Ijumaa, 1 Septemba

Akili ni mali! Alfajiri nimekata vichala vyangu bora, ndoo mbili, nikavifunga kwenye mizabibu ya Gereon. Kwezi wakale kwake, wahamie kwake. Njia za mashambani zimefungwa kwa kila mtu hadi mavuno, kwa hiyo nilitambaa. Goti limevimba. Si kitu.

Jumapili, 3 Septemba

Walikula vyote. Kisha wakaonja za Gereon: kali kama siki! Wakavuka ukuta kuutafuta ule utamu, wao na ukoo wao mzima. Nilipiga sufuria mpaka mkono ukafa ganzi. Walburga akauliza napika nini.

Jioni Gereon alikuja na vipande vya uzi wa buluu, akauliza tangu lini mizabibu yake inafungwa kwa uzi wetu wa kufungia soseji. Nikasema upepo. Walburga akaangalia dari.

Jumanne, 5 Septemba

Mavuno: ndoo moja, tena haikujaa. Walburga akatoa sepetu. Aliyemzuia ni nani? Gereon! Eti alikunywa divai hiyo kwenye harusi yetu, eti ni dhambi ipotee. Wakapatana bila kuniuliza: mizabibu ibaki mwaka mmoja, kwa sharti nitumie nyavu za Gereon. Nyavu alizoniachia nimezirudisha ukutani kwake.

Jarida litapokea jibu langu kesho. Wakulima wa Ahr! Ng'oeni zabibu zenu za kuchelewa, pandeni Frühburgunder nyote, ili kwezi wagawanyike sawasawa. Na wewe, Gereon, anza.