Sauti ya Mke Wangu Inauza Magodoro

Jumatatu, 3 Machi

Nimemsikia mke wangu kwenye simu ya watu. Nilipigia kampuni ya magodoro kuulizia sponji ya kochi la daktari wa meno ninalolikarabati karakanani. Akapokea yeye. "Karibu. Usingizi wako ni furaha yetu." Sauti yake ile ya zamani, kabla ya upasuaji wa koo. Nikakaa kwenye kochi lenyewe, nililokuwa nimelitoa sponji, nikazama hadi kwenye mbao.

Maelezo kwa anayesoma, ingawa haruhusiwi: mke wangu ndiye aliyekuwa akitangaza treni pale stesheni. Kuna watu waliachwa na treni kwa kumsikiliza. Kisha koo likaugua, likapasuliwa, sauti ikarudi na mkwaruzo. Wakamhamishia ofisi ya vitu vilivyopotea. Sasa anatunza miavuli ya watu.

Godoro hajawahi kuuza. Hapa kuna dhuluma. Hapa kuna fidia pia. Sijamwambia kitu. Kwanza nishinde.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda dukani kwao. Nimemwambia muuzaji kuwa mke wangu yumo ndani ya simu yao na nimemfuata. Akaniuliza kwa upole kama tumegombana. Akaniletea maji. Akasema hata yeye alishawahi kuachwa na inapoa polepole.

Nimetoka na mto wa kulalia, bei ya punguzo. Mke wangu ameupenda. Ameuliza nilifuata nini huko. Nimesema sponji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelazimika kumshirikisha Mtaalamu, jirani mwenye duka la simu. Jina hilo alijipa mwenyewe. Akaeleza kuwa siku hizi kuna mashine inalishwa rekodi za mtu mpaka inaiga sauti yake, kisha inasema chochote ilichoandikiwa. Akaongeza kuwa sauti ya shemeji ilikuwa ikimliwaza sana. Sikuuliza ilimliwazia wapi.

Akafungua programu nyingine, nayo ya akili bandia, akaiagiza itunge barua kali. Ikaja kabla sijavaa miwani, imejaa vifungu vya sheria. Mwishoni ilimwita mke wangu "shemeji yangu mpendwa". Nimefuta hapo. Nimetuma iliyobaki.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Wameniita, wamenipa kahawa, wameniita mheshimiwa. Wamesema wanasikitika sana na wangependa kunipa godoro. Nikasaini kulipokea. Karatasi ilikuwa na maneno mengi kwa godoro moja, lakini kahawa ilikuwa inapoa.

Godoro limefika nyumbani kabla yangu. Nimemkuta mke wangu mlangoni amelitazama. Ikabidi niseme yote. Nikapiga ile namba, akajisikiliza. Akageukia dirishani.

Kisha akauliza, "Umeniuza kwa godoro?"

Nikasema ni la sita kwa sita. Halikuwa jibu zuri.

Akasema ile sauti alishaizika na kuililia. Wengine wameifukua, wanaitembeza mjini iseme asiyoyasema. Na mimi badala ya kumuuliza anataka nini, nimekwenda kunywa nao kahawa. Tumelala kwenye godoro la zamani. Katikati kaweka mto mpya.

Jumatano, 12 Machi

Binti wa kaka yake ni wakili. Ameisoma barua yetu huku kaziba mdomo kwa kiganja. Vifungu vyote havipo, isipokuwa kimoja, nacho kinahusu samaki.

Ile karatasi niliyosaini, kumbe, ilikuwa ridhaa ya kutumia sauti. Nikajiona nimekwisha. Wakili akasema haina maana yoyote: sauti ni ya shangazi yake, kama alama ya kidole chake, na hata mume hawezi kuigawa. Mkataba aliosaini alipokuwa akirekodiwa stesheni uliruhusu matangazo ya treni tu. Waliomrekodi wakaziuza rekodi kwa wenye mashine. Kumruhusu mtu aingie sebuleni si kumpa chumba cha kulala.

Akasema shangazi ana njia mbili. Alipwe, sauti iendelee. Au wazime na kuifuta kote. Nikakohoa kikohozi chenye maana. Mke wangu alichagua kabla sijamaliza kukohoa. Ifutwe.

Ijumaa, 21 Machi

Wamekubali. Wanazima leo saa za kufunga kazi. Barua ya kuomba radhi imekuja, imeandikwa kwa mkono wa binadamu. Godoro limerudi kwao juu ya mkokoteni, na Mtaalamu akilisindikiza kama jeneza.

Mchana wote nimekuwa nikipiga ile namba. Sikuwa na la kuuliza. Mke wangu akatoka kazini mapema, akanikuta karakanani, simu juu ya meza, inaongea. Nikadhani atafoka. Akasogeza misumari, akaketi. Tukamsikiliza pamoja yule wa zamani mpaka aliposema bonyeza moja.

Akakata simu. Akasema kwa mkwaruzo wake, "Mimi huna haja ya kunibonyeza. Niongeleshe tu."

Nikamwongelesha. Nilimwambia nililoshindwa kusema tangu hospitali, kwamba niliikosa sana ile sauti na niliona aibu kuikosa mbele yake. Akasema hata yeye. Sauti yake ya sasa ni kama msasa kwenye mbao nzuri, na mimi ni fundi, naujua msasa. Akaniapisha nisifanye jambo lake lolote bila kumuuliza. Nimeapa kwa mikono yote miwili.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepiga namba ya magodoro. Amepokea mwanamume. Vizuri.

Redioni wanatafuta msimulizi wa hadithi za watoto, mwanamke mzima, mwenye mkwaruzo wa asili. Wa asili! Bahati iliyoje! Jana mke wangu alikuwa akiwasimulia wajukuu habari za sungura na mimi nilikuwa nyuma ya pazia na simu. Nimeituma yote, mpaka pale anapopiga chafya. Chini kabisa kuna swali kama mwenye sauti ameridhia. Nimeweka tiki. Yuko jikoni anaimba. Si vizuri kumkatiza mtu akiimba.