Herufi za Visigino kwenye Hoteli ya Shangazi

Leo nimepata aibu ya kusomeka toka ng'ambo ya barabara, na aliyeiandika ni mimi.

Mnajua tangu biashara ziachiwe huru kila mtu hapa Singida anafungua kitu, na kila anayefungua anataka maandishi ukutani. Basi shangazi yangu Zainabu kafungua hoteli mtaa wa Mandewa. Chai, maharage, pilau. Ni mtu wa swala tano. Akaniambia, "Mwanangu, andika kwa herufi kubwa: HAKUNA POMBE. Walevi wasinisumbue."

Nikaona hapa ndipo nitajulikana mjini. Nina herufi nilizobuni mwenyewe: nene kama magogo, kila moja ina visigino juu na chini, na kimkia cha kujikunja pembeni. (A yangu peke yake inakula nafasi ya herufi mbili.) Jana jioni nikapima ukuta, hautoshi. Fundi mwenye akili angezipunguza unene. Mimi nikaanzia kwenye ubao wa dirisha. HA ikakaa dirishani, KUNA POMBE ikakaa ukutani. Dirisha limefungwa, ilipendeza mno. Nikalala na furaha.

Asubuhi shangazi akafungua dirisha. Ubao ukageukia ukutani pamoja na HA yake.

Hata chai haijachemka, wakaingia wanaume watatu wa Ilongero waliokuja kuuza ng'ombe.

"Mama, tuletee za baridi."

"Za baridi zipi?"

"Bia, mama."

Shangazi akanyooka. "Hamjui kusoma? Hapo nje imeandikwa nini?"

"Tumesoma, ndiyo maana tumeingia," mmoja akajibu kwa upole. "Imeandikwa kuna. Tena kwa herufi nzuri kweli."

(Nilifurahi kidogo. Nisameheni.)

Nikatoka kuangalia. Na pale nje kasimama shehe, kaja na wazee wawili kuiombea hoteli dua. Anasoma. Anarudia kusoma.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba. Zainabu kaanza lini mambo haya?"

Nikavuta ubao, nikafunga dirisha. Komeo liko ndani, kwa hiyo nikaliegemea dirisha kwa mgongo mpaka shangazi alipokaza komeo. Kisha nikasogea pembeni. "Soma sasa, shehe."

Akasoma. Akatabasamu. "Alhamdulillahi. Kumbe ina mwanzo."

Nikageuka niingie ndani, nikasikia wazee wanacheka mpaka wanakohoa. Rangi haikuwa imekauka. Shati langu jeupe, mgongo mzima, limeandikwa AH, ile HA kinyume. Visigino vyote vipo.

Lakini dua imesomwa. Watu wa Ilongero wamekula pilau na kuongeza. Shangazi bado ananiita mwanangu, ingawa mchana kutwa nimekwangua ukuta na kuandika upya, herufi nyembamba zisizo na kisigino hata kimoja.

Shati nimelifua mara tatu, rangi haitoki. Mkinikuta nalo, naomba mnisalimie kwa mbele.