Mapacha wa Mama Esteri

Tharsisi, fundi wa Kasulu, alikuwa na bisibisi tatu, koti jeupe la daktari alilolipata mtumbani, na maneno. Kompyuta alijua kuiwasha. Kuizima pia alijua, ila kwa kuchomoa waya. Basi siku Pasikali mwenye studio ya picha alipomnong'oneza kwamba kuna diski Kibondo, na atakayemletea atampa pikipiki yake, Tharsisi alijaa mate mdomoni.

"Ni ya Mama Esteri wa steshenari," Pasikali alisema. "Humo kuna video za harusi za miaka kumi. Kompyuta yake ya zamani ina diski mbili zinazonakiliana. Kinachoingia kwenye hii kinaingia na kwenye ile. Ukichomoa moja, mashine inaendelea kuchapa kazi, na mwenyewe hajui."

"Sasa huo si wizi?"

"Umeanza lini kuogopa wizi?"

Swali zuri. Ila Tharsisi alikuwa na haraka. Baba yake Divine, msichana aliyetaka kumwoa kule Muyama, alishamwambia wazi: Jumamosi aje na ile pikipiki anayojigamba nayo, la sivyo asimwone tena binti. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mdomoni tu. Lakini huyo Divine, Tharsisi alimpenda kwelikweli, jamani, hapo hakuwa anatapeli.

Kesho yake alikuwa Kibondo, koti limepigwa pasi. Aliikuta kompyuta imeshawashwa, sanduku lake limefunikwa kitenge hadi chini.

"Mama, shikamoo. Nilikuwa napita, nikasikia mashine yako inavyopumua. Humo ndani kuna mgonjwa."

"Marahaba, mwanangu." Mama Esteri alivaa miwani, akalikagua lile koti jeupe. "Atakuwa Butoyi, eti?"

"Nani?"

"Diski ziko mbili, zimezaliwa siku moja, anachofanya huyu na yule anafanya. Hao si amahasa, si mapacha? Nikawapa majina ya mapacha. Wa juu Bukuru, wa chini Butoyi."

Tharsisi alipiga magoti, akabandika sikio kwenye kitenge, akafumba macho. "Ni Butoyi huyohuyo. Mapafu. Nitamlaza Kasulu wiki moja."

"Ego, ndiyo, mlaze. Ila pacha haachwi peke yake. Ukimtoa Butoyi, lete wa kukaa mahali pake, mzima, wa kimo kilekile. Tena kwa mapacha huji na kitu kimoja. Hiyo soda umemletea nani?"

Soda alikuwa amejinunulia mwenyewe. Ikabidi akanunue na ya pili, zikawekwa mbele ya kompyuta kwa heshima zote. Baada ya heshima, Mama Esteri alizinywa zote mbili.

Njiani kurudi Kasulu, Tharsisi alipima mambo kama mtu mzima. Diski moja kwa pikipiki nzima! Hata mtoto wa chekechea angekubali. Akauza televisheni yake, akanunua diski mpya kabisa, na Alhamisi akarudi Kibondo.

Alipenyeza mikono chini ya kitenge, akamchomoa Butoyi, akampachika mgeni, akatia mgonjwa kwenye begi. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje.

"Unakwenda wapi?" Mama Esteri aliuliza. "Bukuru hajamaliza kumfundisha mwenzake. Kaa."

Mashine ilinakili kwa saa tano nzima. Tharsisi alilishwa ugali wa muhogo na maharage, sahani mbili, na ya pili hakuruhusiwa kuibakiza. Kisha akaletewa karatasi ya garantii ya mwaka mzima, nakala mbili, akasaini zote. Angesaini hata ya miaka kumi, maana roho yake ilishafika Muyama.

Ndipo mama alipoinua kitenge. Taa mbili ndogo zilikuwa zinawaka kijani. Mama Esteri alipiga vigelegele hadi wateja wakaacha kutoa fotokopi.

"Huyu mpya ni Kiza," akatangaza. "Anayefuata mapacha huitwa Kiza."

Ijumaa asubuhi Pasikali aliiunganisha ile diski kwenye mashine yake. Krr. Krr. Kimya.

"Imekufa," alisema, wala hakuonekana kushangaa. "Tangu masika ya mwaka jana."

"Umejuaje?"

"Mama Esteri ni mama yangu mdogo. Taa ya Butoyi ilipozimika alimwita fundi mmoja mwenye koti jeupe. Fundi akapuliza vumbi kwa mdomo, akachukua ujira wake, akasema imepona."

Tharsisi alikaa chini. Watu aliowapulizia vumbi walikuwa wengi, sura hakuzishika. Kumbe miaka yote ya utapeli, mara moja tu amesema kweli, kwamba Butoyi ni mgonjwa, na ukweli huo ndio uliomlia televisheni.

"Na pikipiki?"

"Diski iliyokufa sibadilishi na pikipiki. Kesho naenda nayo Kibondo, kwa mama. Lifti nitakupa."

Simu ya Tharsisi ikaita.

"Mwanangu fundi, Butoyi anaendeleaje?"

"Amefariki, mama."

"Uu! Pole sana. Basi kesho uje na Pasikali, printa yangu inakohoa."

"Kesho nina safari ya Muyama, mama. Halafu garantii ni ya diski tu."

"Hukuisoma? Imeandikwa vitu vyote vya dukani. Na usije mikono mitupu. Soda sasa ni tatu."