Mbuzi wa Kumpima Rais

Jumatano, 9 Juni
Kahiga kinyozi amenikera tena. Eti yeye akitazama kisogo cha mgombea urais anajua kama anafaa kuongoza nchi. Na watu wa Kimbo wanamsikiliza! Kisogo! Nikawaambia kipimo cha kweli ninacho mimi. Kila mwanasiasa anaahidi kugawa keki ya taifa sawasawa, na hakuna aliyewahi kuiona. Basi apewe mbuzi, tuone anavyomgawa. Kahiga akauliza mbuzi mwenyewe yuko wapi.

Yupo, nyuma ya ploti. Ni wa Jumamosi, siku ya ngurario yangu na Nyawira. Mbele ya wazee nitamkatia bega la mbuzi, atakula, na hapo atakuwa mke wangu. Amelisubiri bega hilo miaka. Nilikuwa najipanga.

Alhamisi, 10 Juni
Bahati hii! Mheshimiwa Barasa, anayetaka urais, anapita hapa Jumamosi hiyohiyo akienda mkutanoni Thika. Nimeongea na msaidizi wake. Amekubali mtihani. Mbuzi mmoja, kazi mbili. Wakati mwingine akili zangu zinanitisha.

Nyawira alisema siku hiyo ni yetu, siasa ingoje. Nikamtuliza. Barasa atakata kipande kimoja tu.

Jumamosi, 12 Juni
Balaa.

Nilimkabidhi Barasa kisu mbele ya Kimbo nzima. Sikumwambia akate wapi, maana huo ungekuwa wizi wa mtihani. Akakata bega. Safi kabisa, kama amezaliwa buchari. Akampa aliyekaa mbele yake, kwa adabu, kwa mikono miwili. Nyawira. Akanitazama. Akalitazama bega. Akala.

Vigelegele. Mzee Muriithi, baba yake, akatangaza kwamba aliyekata ndiye mkwe. Barasa anatoka Bungoma, hakujua amefanya nini. Alipoelezwa hakushtuka hata kidogo. Huko Thika akauambia umati kwamba yeye sasa ni mkwe wao. Walishangilia mpaka nikasikia kwenye redio.

Kahiga akauliza matokeo ya mtihani. Ilibidi niseme amepita.

Jumatatu, 14 Juni
Mke wa Barasa amempigia simu Mzee Muriithi. Hakuwa na mzaha. Wazee wakakaa haraka, wakagundua kwamba Barasa hakuja na wazee wake, kwa hiyo ngurario ile ni batili.

Nyawira alikuja. Alisema alikula kwa hasira, si kwa mapenzi. Akalia. Nami nikalia, ingawa kidogo. Amenipa mpaka Jumamosi. Mbuzi mwingine, mkono wangu mwenyewe, bila mgeni. Nikimwangusha tena, anahamia kwa shangazi yake Nakuru na nisimtafute. Nampenda sana huyu msichana. Nimeapa.

Ijumaa, 18 Juni
Mbuzi mpya amefika. Mnene.

Msaidizi wa Mheshimiwa Akello amepiga simu. Mama huyo anawania urais pia, amesikia habari za Barasa, naye anataka kupimwa. Anapita kesho. Nikakataa katakata.

Halafu nikafikiri. Ukimpima mgombea mmoja, huo si mtihani, ni upendeleo. Kahiga hataninyamazia. Tena Akello ni mwanamke, kwa hiyo Nyawira hayumo hatarini. Kiti cha mbele nitakikalia mimi mwenyewe, bega lisipotee. Wazee nimewaalika, washuhudie.

Nyawira nimemwambia aje mchana badala ya asubuhi. Bega litakuwa limeliwa, lakini nitamwekea paja.