Kriki ya Kumfikisha Bibi Harusi Kibua

Jumatatu, tarehe 4 Novemba
Baraza la familia hapa Burungu. Ijumaa binamu yangu Laetitia anapelekwa Kibua kuolewa na Faustin. Jeep ni mbili: yangu, niliyoachiwa na marehemu mjomba, na ya binamu Darius. Mwaka jana dada yake Laetitia alikwama njiani, akafika kwa wakwe na matope hadi magotini. Wanacheka mpaka leo. Kwa hiyo Papa Isidore, mkubwa wetu, ameamua: mwenye kriki ya kuaminika, yaani jeki ya kuinulia gari, ndiye atakayembeba bibi harusi. Mwingine atabeba masufuria.

Darius akasema masufuria hayaulizi dereva ana diplome gani. Tangu nimalize chuo wananiita Mademoiselle Théorie, yaani Bi Nadharia. Masufuria! Mimi!

Jumanne, tarehe 5
Sokoni Kitchanga. Nimechunguza kila aina. Kriki ya chupa, ile ya mafuta: ina nguvu, lakini jeep ikilala tumbo matopeni, utaiingiza wapi? Kriki ndefu ya meno, kama ya Darius: inainua juu sana, ila mguu wake mwembamba. Bila ubao chini yake, gari halipandi. Kriki ndiyo inayoshuka. Kriki ya mfuko: unaijaza moshi wa gari lenyewe, inavimba, jeep inapanda. Haizami. Haitaki misuli. Kriki ya mtu aliyesoma! Nimeinunua. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Wivu.

Jumatano, tarehe 6
Jaribio la siri nyuma ya shamba la Mama. Mfuko ukavimba. Jeep ikapanda! Machozi yalinitoka. Kisha mlipuko. Chini kulikuwa na kijiti cha maharagwe, kimechongwa vizuri mno. Mbuzi wa jirani hawajaonekana tangu hapo. Mama akapiga kelele toka jikoni: "We mutoto, maharagwe yangu ilikukosea nini?"

Nilikuwa nafikiri.

Alhamisi, tarehe 7
Nimepata! Si lazima kriki yangu iwe nzuri. Inatosha ya Darius iwe mbaya.

Asubuhi nilikwenda kwake kuomba radhi kwa majivuno yangu. Aliguswa, maskini, akaenda kunichemshia chai. Nikachukua ubao wa kriki yake, sasa uko chini ya kitanda changu. Chai ilikuwa nzuri.

Kisha nikaazima kriki ya chupa kwa katekista Noël. Mchana, majaribio mbele ya Papa Isidore. Jeep yangu niliiegesha juu ya mwamba. Ikainuka kama malkia. Darius alipangiwa karibu na chemchemi. Kriki yake ikazama hadi shingoni. "Ubao yangu ilikuwa kwa jeep, Papa, naapa!" Nilimpiga bega kwa huruma. Bibi harusi ni wangu!

Ijumaa, tarehe 8
Tulikuwa karibu na Kibua. Nilisema nalijua dimbwi lile. Jeep ikalala tumbo. Kriki ya chupa haikupata pa kuingia, sawasawa na nilivyotabiri Jumanne. Hakuna aliyenipongeza.

Darius akaja na kriki yake ndefu. Ikashuka, ikashuka. Akauliza kama kuna mtu ana ubao. Nikatazama msitu. Laetitia akaniuliza polepole: "Dada, nitaolewa na Faustin ao na hii matope?"

Darius akambeba mgongoni hadi kwenye jeep yake, akamkalisha juu ya sufuria kubwa, akapitia pembeni palipo pagumu. Wakwe walipomwona bibi harusi safi, amekalia sufuria yake, walipiga vigelegele. Eti heshima ya namna hiyo hawajapata kuiona!

Mimi nilifika kwa miguu. Mama mkwe alidhani nimekuja kukandika nyumba.

Jumapili, tarehe 10
Tumerudi. Vijana wa Kibua waliitoa jeep kwa kamba, wakiimba nyimbo zinazonihusu. Leo baraza tena. Papa Isidore alisema ubao hauna miguu. Lazima aliyeuiba ajulikane, na hatashika tena usukani katika familia hii. Nikasimama nikajitolea kuongoza uchunguzi, kwa sababu mimi nina mbinu za kisomi.

Wamekubali!

Mshukiwa wangu wa kwanza ni Darius, aliyeficha ubao wake mwenyewe ili aniaibishe. Kesho nitaipekua nyumba yake mbele ya mashahidi. Kilichobaki ni kidogo tu: kuuingiza ubao humo kabla sijaukuta.